Mwimbaji Aliyejiitikia Mwenyewe

Mjane mmoja alikuwa na watoto wawili, binti na mvulana, na katika nyumba yake hapakuwa na kitu cha kujivunia ila kuimba. Waliishi kwenye miteremko ya Rungwe, kati ya mashamba ya chai, mahali ambapo mvua hunyesha mpaka watu huacha kuizungumzia. Binti aliitwa Subilaga, na mdogo wake aliitwa Ambakisye. Mama alipokuwa jikoni alianzisha wimbo, na watoto waliitikia kila mmoja kutoka alipo, huyu mtoni, yule kwenye migomba. Kwa njia hiyo alijua kuwa wako salama, wala hakuhitaji kuwaita.

Walipokua, kazi ya kuanzisha ilimwangukia Ambakisye, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya namna ambayo mtu akiisikia huweka chini alichoshika. Subilaga aliitikia. Katika kwaya ya kanisa lao watu walimsifu Ambakisye, wakasema mtoto huyu hakosei. Hawakujua kwamba alikuwa akikosea mara nyingi. Alipoanza wimbo juu kupita kiasi, dada yake aliupokea kwa namna ya kumshusha polepole mpaka mahali pake. Alipoishiwa pumzi katikati ya mstari, dada yake aliwahi kuingia akaufunika upungufu ule, na waliokaa kwenye mabenchi wakadhani wimbo ndivyo ulivyotungwa. Kazi ya mwitikiaji ndiyo hiyo. Akiifanya vizuri, haonekani.

Ambakisye mwenyewe alilijua jambo hilo kama mtu anavyoijua sakafu ya nyumba yake. Aliikanyaga kila siku bila kuitazama.

Ikawa kwaya yao ilikwenda Mbeya kwenye mashindano, na katika ukumbi ule aliingia mtu aliyeitwa Hamdani, prodyuza wa muziki kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amekuja huko kwa harusi ya ndugu yake, akaingia ukumbini kukwepa mvua. Aliposikia sauti ya Ambakisye alisahau harusi. Baadaye alimngoja mlangoni, akamweleza kuwa katika kazi yake amesikia waimbaji wengi, na wengi wamejifunza, lakini wachache wamepewa. Akamwalika studio. Ambakisye alijibu kuwa yeye haimbi peke yake, yuko na dada yake. Hamdani akasema amlete.

Hamdani hakuwa mtu mbaya, na hilo lazima lisemwe, kwa maana wengi wetu hupenda kisa ambacho ndani yake yuko mwovu wa kubebeshwa lawama. Walipofika Dar es Salaam aliwapokea vizuri na kuwatafutia mahali pa kulala. Studio yake ilikuwa na chumba kidogo ambacho kuta zake zilikuwa zimevikwa sponji, na humo ndani sauti ilikufa mara tu ilipotoka mdomoni. Ambakisye aliogopa mara ya kwanza. Kwao sauti haikuwahi kutoka bila kurudi. Ilirudi kutoka mlimani, au kwenye dari ya kanisa, au kwa dada yake.

Waliimba pamoja asubuhi nzima. Mchana Hamdani alimwita Ambakisye pembeni. Alimwambia kwa upole kuwa dada yake ana sauti nzuri, lakini wimbo unaopanda ni wimbo wenye sura moja, na watu hushika jina moja kwa urahisi kuliko mawili. Tena hakuna haja ya mtu wa kumwitikia, kwa kuwa mashine inaweza kuirekodi sauti yake, kisha yeye mwenyewe akaimba kiitikio juu yake. Ajaribu tu, asikie mwenyewe.

Ambakisye aliingia chumbani akavaa vile vidude vya masikioni, akasikia sauti yake ikianzisha. Ilipofika mahali pa kiitikio, akaitikia. Sauti hizo mbili zilishikana bila mshono, kwa sababu zilikuwa moja. Haikusikika pumzi ya mtu mwingine mahali popote. Ilikuwa nzuri kuliko chochote alichowahi kuimba, na hakuna aliyekuwapo pale ambaye angeweza kusema vinginevyo.

Subilaga alikuwa amekaa kwenye kochi upande wa pili wa kioo, karibu na spika, na alisikia nafasi yake ikiimbwa na mdogo wake. Hamdani aliuliza wabaki na rekodi ipi, ile ya asubuhi au hii. Ambakisye alitazama kioo. Dada yake alikuwa ameinama, akifuta matope kwenye viatu alivyovinunua kwa ajili ya safari ile, ingawa matope yenyewe yalikwisha kutoka.

"Tubaki na hii," alisema Ambakisye.

Alijipa sababu, na sababu zote zilikuwa za kweli. Mama alikuwa amezeeka na miguu ilimsumbua, kwa hiyo mmoja alihitajika nyumbani. Tena hali hii ingekuwa ya muda tu, jina likishajulikana atamrudisha dada yake, na wakati huo hakuna atakayethubutu kumkataa. Alimweleza Subilaga hayo yote kituoni, alipomsindikiza kupanda basi la kurudi kwao, Tukuyu. Subilaga hakubishana. Aliuliza neno moja tu, kama kile kiitikio hakikumuumiza koo, maana kiko juu na yeye hakukizoea. Ambakisye akasema hakikumuumiza. Basi likaondoka.

Wimbo ulipanda. Ulipigwa saluni, ukapigwa harusini, ukapigwa kwenye vibanda vya kuuzia simu, na watoto waliucheza mitaani bila kujua maneno yake. Jina lake lilikatwa likawa Amba, kwa kuwa Hamdani alisema jina refu huchosha mdomo wa mtangazaji. Baada ya wimbo ule ulikuja mwingine, na mwingine. Wala asije mtu akadhani alipata kwa bahati. Ambakisye alifanya kazi. Hakunywa pombe, hakuchelewa mazoezini, na aliwalipa watu wake kwa wakati. Wenzake walioanza naye walipotea njiani mmoja mmoja, huyu kwa uvivu, yule kwa majivuno, na yeye akabaki. Alimjengea mama yake nyumba ya matofali yenye veranda. Kama mtu angetaka kujua jinsi kazi ya muziki inavyojengwa, angeonyeshwa Ambakisye, na kuonyeshwa huko kungekuwa haki.

Jukwaani alisimama na kipaza sauti, akaanzisha, na kutoka kwenye spika kubwa sauti yake iliyorekodiwa ikamwitikia. Mwanzoni alifurahi. Mwitikiaji huyu hakuugua wala hakuchoka, na hakuingia vibaya hata mara moja. Lakini pia hakungoja. Siku ambazo moyo wa Ambakisye ulijaa, akatamani kulishikilia neno muda mrefu kidogo, kiitikio kilipita na kumwacha, na ikambidi akikimbilie. Akajifunza kutolishikilia neno lolote. Akajifunza kuhuzunika kwa kipimo na kufurahi kwa kipimo, ili asichelewe. Na kwa kuwa hakuna aliyemngoja, naye taratibu aliacha kumngoja mtu.

Nyumbani kwake mjini hapakukosa watu. Walikuja wapiga picha, washonaji, na vijana wa kubeba vyombo. Aliposema jua kali, walisema kali kweli. Aliposema wimbo huu haujakaa sawa, walisema na wao walikuwa wameliona hilo. Aliposema la, uko sawa, walisema hata wao walitaka kusema hivyo. Siku moja aliimba mstari mmoja vibaya makusudi, mbele yao wote sebuleni, halafu akawatazama usoni mmoja baada ya mwingine. Walitikisa vichwa kwa kusifu. Ambakisye alicheka pamoja nao, kisha akaingia chumbani akafunga mlango, akakaa kwenye ukingo wa kitanda mikono ikiwa mapajani, asijue amekuja kufanya nini humo.

Alipiga simu nyumbani Rungwe mara kwa mara. Mama aliuliza kama amekula. Subilaga aliuliza kama kunanyesha huko. Wakati fulani alimwomba dada yake waimbe kidogo kwenye simu, akaanzisha. Lakini mtandao ulichelewesha sauti, na kila mmoja alimfikia mwenzake wakati mwenzake amekwisha kupita. Walijaribu tena, wakashindwa, wakacheka, wakaagana. Ambakisye aliendelea kuishika simu sikioni muda mrefu baada ya kukatika.

Jina lake lilifika mahali pa juu kabisa siku alipoimba katika uwanja wa mpira uliojaa mpaka kwenye ngazi. Alipoanza, watu wote waliimba pamoja naye. Aliinua mkono, akawaelekezea kipaza sauti, akategemea kwamba kiitikio kikifika watakipokea wao. Hawakukipokea. Walikwisha kurudi kwenye mstari wake, wanaimba sehemu ya kuanzisha, kila mmoja amefumba macho na kukunja ngumi mdomoni kana kwamba ameshika kipaza sauti chake. Hakuna aliyekuja uwanjani siku ile ili awe wa pili. Ambakisye alitazama kutoka upande huu mpaka upande ule, na kote alijiona yeye mwenyewe. Kiitikio kilitoka kwenye spika kama kawaida. Kesho yake magazeti yaliandika kuwa umma ulikuwa sauti moja naye.

Kisha mama akafa.

Alifika Rungwe mchana, manyunyu yakianguka, na watu walimpisha njia. Wale waliokua naye walimsalimia kwa mikono miwili, kama anavyosalimiwa mkuu wa wilaya. Mama wa jirani, aliyekuwa akimchapa utotoni kwa kung'oa viazi vyake, alisimama kumpa kiti. Subilaga alimkumbatia, akamwambia pole, akarudi jikoni kwa wanawake, kwa kuwa wageni walikuwa wengi. Ambakisye alikaa kwenye kiti kizuri kuliko viti vyote vya msibani, na pande zote mbili za kiti hicho watu walikuwa wameacha nafasi.

Makaburini, jeneza lilipoteremshwa, mchungaji alitangaza kuwa mtoto wa marehemu ataanzisha wimbo. Ulikuwa wimbo wa kawaida wa maziko, ambao hata mtoto mdogo wa kwao anaujua. Tena umetungwa kwa huruma: mfiwa husema maneno machache tu, kisha umati humpokea na kubeba mengine yote, ili huzuni isikae kwenye bega moja. Ambakisye alianza. Sauti ilitoka kama ilivyotoka siku zote, na watu waliacha walichoshika. Mwenye koleo alisimamisha koleo. Vijana waliinua simu zao, kisha na wazee wakainua. Alifika mwisho wa maneno yake, na palipaswa kuwa na mpokeo.

Kimya. Hawakukataa. Walikuwa wanamsikiliza.

Na katika kimya kile, ambacho hakikuzidi pumzi moja, kabla hajajua anachofanya, mdomo wake ulifunguka ukaimba kiitikio. Aliimba maneno ya kumfariji mfiwa, yeye aliyekuwa mfiwa. Aliyaimba vizuri sana. Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi, akakumbuka alipo, akaacha. Ambakisye alisikia sauti yake ikishuka ndani ya lile shimo na kupotea, kama ilivyopotea siku ile ya kwanza katika chumba cha sponji. Hakuweza kuendelea. Mchungaji alisubiri kidogo, akaona haya kwa niaba yake, akafungua kitabu akaomba.

Asubuhi iliyofuata alimkuta dada yake nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda anasugua masufuria ya msiba kwa majivu. Alisimama karibu naye. Kisha alimuuliza kwa nini jana hakumwitikia. Hata kama wale wengine walisahau, yeye alijua.

Subilaga aliendelea kusugua mpaka sufuria likamaliza kutoa weusi.

"Nilikwisha kuvuta pumzi," alisema. "Nikangoja uniachie mahali pa kuingilia. Hukuacha. Ulijifunza kujiitikia mwenyewe, Ambakisye. Na sisi huku tukajifunza kukusikiliza."

Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa kuwa hasira ingemaanisha kuwa bado anangojewa mahali fulani. Ambakisye alimwomba waende wote mjini. Alimuahidi jukwaa, na jina lake kuandikwa sambamba na lake. Subilaga alikataa. Alisema yeye sasa ndiye mwalimu wa kwaya, ana watu wake wa kuwafundisha, na hawezi kuwaacha. Akaongeza kuwa Alhamisi kuna mazoezi, na kwamba upande wa besi hauna watu wa kutosha.

Alhamisi hiyo Ambakisye alikwenda. Alikaa benchi la nyuma na wale wa sauti ya nne, yaani besi, akabana mabega yake ili apate nafasi kati ya fundi baiskeli na mlinzi wa ghala la chai. Subilaga alisimama mbele, akawapa sauti, akapunga mkono. Waliimba. Ambakisye alijitahidi kuimba chini kadiri alivyoweza, ili asimfunike mtu, lakini aliona fundi baiskeli amenyamaza kwa heshima, na mlinzi naye anachezesha midomo tu. Tena jambo jingine likatokea ambalo hakulitegemea. Aliingia kabla ya wenzake. Masikio yake yalikuwa yamezoea saa ya mashine, hayakujua tena kusubiri kifua cha mtu kijae. Akaingia mapema mara ya pili. Kwaya nzima ilisikia. Waligeuka wakamtazama na kutabasamu, wakaendelea, kila mmoja akijikosesha makusudi ili amfuate, mpaka wimbo wote ukaharibika kwa adabu.

Hapo alitambua amefika wapi. Alikuwa mahali ambapo mtu hukosea, na watu hubadilisha kweli ili ifanane na kosa lake. Alitazama madirisha, akatamani kuwa barabarani.

Subilaga alishusha mkono. Kwaya ikanyamaza.

"Wewe wa besi, mdogo wangu," alisema, mbele ya watu wote. "Umetutangulia. Utungoje."

Hakuna aliyecheka, na wengine waliinamisha macho, wakidhani mgeni mkubwa ameaibishwa. Ambakisye alihisi uso wake ukipata moto. Kisha aliinua uso akaitazama dari. Subilaga alisubiri. Watu wote walisubiri, kwaya nzima, mikono kwenye mapaja, wakimsubiri yeye apate pumzi. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alifanya hivyo.

Walirudia. Aliingia mapema tena, na dada yake akamsimamisha tena. Walirudia mpaka jua likashuka nyuma ya migomba, na fundi baiskeli alipoona kuwa huyu naye anasahihishwa kama mtu mwingine yeyote, akaanza kuimba kwa sauti yake yote, tena akamkanyaga mguu bila kuomba radhi. Lakini wimbo haukukaa sawa siku ile. Miaka mingi haisahihishwi jioni moja. Ijumaa Ambakisye aliondoka, kwa kuwa mjini palikuwa na ahadi alizokwisha kuzitoa, na mtu wa kazi hutimiza ahadi.

Nyimbo zake zingali zikipigwa. Waliomwona jukwaani baada ya hapo wanasimulia kuwa siku hizi hufika mahali fulani katika wimbo akanyamaza, na kiitikio kikatoka kwenye spika kikampita, naye hakikimbilii. Husimama ameinamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza kitu kutoka mbali. Wengine husema amechoka. Wengine husema anazeeka, na kwamba wako vijana wanaoimba vizuri kumpita. Hamdani amemshauri aondoe kile kimya, kwa kuwa watazamaji hawakielewi. Kila mwaka, mvua zinapopungua, huenda Rungwe kwa juma moja akakaa benchi la nyuma, na wanaotoka huko wanasema kuwa bado anatangulia, ingawa si sana.

Ndugu zangu, ninyi mnaojenga majina yenu kwa jasho la haki, siwaulizi mmefika wapi. Nauliza hili tu: siku ukitangulia, nani amebaki wa kukusimamisha, na kisha akungoje?